Je, kifaa kinaweza kusikiliza kikiwa usingizini? Betri yangu inaisha ndani ya siku moja

Mjukuu wa Muheza (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishinda kwa miezi miwili sasa.

Bibi yangu anaishi kijijini na macho yake yamepungua sana kwa sababu ya presha ya macho. Saa ya ukutani haioni tena, na simu ya kubonyeza inamchosha. Nilimtengenezea kifaa kidogo ambacho akikiuliza "saa ngapi" kinamjibu kwa sauti niliyorekodi mwenyewe, kwa hesabu ya saa zetu za Kiswahili, ili aweze kujua wakati wa swala na wa dawa zake bila kumsubiri mtu. Nimetumia bodi ya kawaida ya ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi), kipaza sauti cha kidijitali cha INMP441, amplifaya ya MAX98357A yenye spika ndogo, na programu ya mtandao mdogo wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, niliyoifunza kutambua maneno hayo. Umeme unatoka kwenye betri moja ya 18650 ya mAh 2500 (miliampea-saa, kipimo cha chaji ya betri), kupitia moduli ya kuchaji na moduli nyingine inayopandisha volti hadi 5. Saa sahihi kifaa kinaipata kwenye intaneti kupitia simu ya mjomba, kwa hiyo Wi-Fi huwa iko wazi muda wote.

Kifaa kinafanya kazi vizuri, lakini betri inadumu siku moja na saa chache. Nyumbani kwa bibi kuna sola ndogo ya taa na simu tu, na betri ikiisha usiku hakuna wa kuichaji hadi mchana. Nilishusha kasi ya prosesa kutoka megahezi 240 hadi 80, nikapata nafuu ya saa chache. Kisha nikajaribu kukilaza usingizi mzito, yaani hali ambayo chipu inazima karibu kila kitu chake, kiwe kinaamka kila sekunde kusikiliza kidogo na kulala tena. Betri ilidumu zaidi, lakini kikawa hakisikii, kwa sababu bibi alikuwa akisema neno wakati kimelala. Alirudia mara nne, mara tano, na mwisho akaacha kukiuliza kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko betri yenyewe.

Swali langu ni hili: je, inawezekana kifaa kisikilize muda wote bila kuwa macho muda wote? Na kama inawezekana, nianzie wapi?

---

Fundi Saketi

Ndugu yangu, pole, na hongera kwa kazi hiyo. Inawezekana, lakini kabla hujagusa programu chukua multimeta, ikate njia ya waya chanya ya betri, na upime mkondo wenyewe. Watu wengi huanza kwa kuilaumu prosesa, kumbe sehemu kubwa ya umeme inaliwa na vitu ambavyo havisikilizi chochote.

Tazama njia ya umeme katika kifaa chako. Betri inatoa takriban volti 3.7. Moduli yako inazipandisha hadi 5, kisha regulata iliyoko kwenye bodi inazishusha tena hadi 3.3. Regulata ya aina hiyo haibadilishi volti iliyozidi kuwa mkondo, inaigeuza joto. Kushuka kutoka 5 hadi 3.3 peke yake kunapoteza karibu theluthi moja ya nishati, na ukijumlisha upotevu wa kupandisha, unakuwa umeunguza takriban asilimia 40 ya betri kabla saketi yako haijafanya kazi yoyote. Zaidi ya hapo, regulata ya AMS1117 inayowekwa kwenye bodi nyingi za bei nafuu inakula karibu miliampea 5 kwa ajili yake yenyewe hata chipu ikiwa imelala. Kuna pia taa ndogo nyekundu inayowaka muda wote, na chipu ya USB ambayo haina kazi yoyote kifaa kikishafika kwa bibi.

Maana yake ni kwamba hata ungeandika programu bora kuliko zote, bodi hiyo isingekupa hata wiki mbili. Tafuta moduli ya ESP32 pekee, ile ya WROOM isiyo na bodi, uilehemu kwenye kipande cha bodi ya majaribio. Betri iingie kwenye regulata ndogo ya HT7333, ambayo yenyewe inakula mikroampea chache tu na haihitaji volti nyingi za ziada ili kutoa 3.3. Kikomo chake ni miliampea 250, kwa hiyo usiipitishie amplifaya. MAX98357A inakubali volti 2.5 hadi 5.5, basi iunganishe moja kwa moja na betri, na ile pini yake ya kuzima uipeleke kwenye prosesa. Ikiachwa wazi bila kucheza sauti inakula zaidi ya miliampea 2, na ikizimwa haifikii hata mikroampea 1.

---

Binti wa Pangani

Nami nina swali moja kwa mwanzisha mada: Wi-Fi ni ya nini?

ESP32 ikipokea tu kwa Wi-Fi inatumia karibu miliampea 100, na ikirusha inaweza kufika 240. HT7333 aliyoshauri Fundi Saketi haitaubeba mzigo huo kwa raha. Lakini saa haihitaji intaneti. Chipu ya saa ya DS3231, ikiwa na betri yake ya kidonge, inakosea kwa sehemu 2 katika milioni kwenye joto la kawaida la nyumbani, yaani takriban dakika moja kwa mwaka mzima. Irekebishe siku unayokwenda kumsalimia bibi, kisha Wi-Fi usiiwashe tena. Kwenye moduli yake ondoa taa ya kuonyesha umeme, na kama betri ya kidonge ni ya aina isiyochajiwa, ondoa pia kipingamizi kinachopeleka chaji kwake, kwani ni hatari.

Kuna faida nyingine ambayo haipimwi kwa multimeta. Kifaa kinachosikiliza ndani ya chumba cha mtu mzima na hakina njia ya kutoa sauti nje ni kifaa ambacho hakihitaji maelezo mengi kwa familia.

---

Mwalimu wa Elektroniki

Nimefurahi kuona vijana wakisaidiana kwa namba. Niruhusuni nijibu kiini cha swali, yaani kusikiliza bila kuwa macho.

Siri ya vifaa vyote vya namna hii ni kwamba hasikilizi mlinzi mmoja tu. Wanasikiliza wengi, kwa zamu, na kila anayefuata ana akili zaidi na njaa zaidi kuliko aliyemtangulia. Mwaka 2017 wahandisi wa Apple walieleza hadharani jinsi simu zao zinavyongoja maneno ya kumwita msaidizi wao wa sauti. Prosesa ndogo isiyolala inaendesha mtandao mdogo wa neva, ambao katika toleo lao la mwanzo ulikuwa na tabaka tano za vizio 32 kila moja. Mtandao huo ukishuku tu kwamba umesikia neno, unaiamsha prosesa kubwa, nayo inaipitia sauti ileile kwa mtandao mkubwa zaidi wa vizio 192 kwa tabaka. Mdogo anaruhusiwa kukosea kwa kushuku kupita kiasi, maana mkubwa atamsahihisha. Asichoruhusiwa ni kupitiwa.

Wewe huna prosesa ya pili ya namna hiyo, lakini unaweza kuweka mlinzi wa chini kabisa ambaye si prosesa hata kidogo. Kipaza sauti chako cha INMP441 hakifai kwa zamu hii, kwa sababu hakitoi chochote mpaka kipewe mapigo ya saa na prosesa iliyo macho. Chukua kidonge cha kipaza sauti cha kawaida cha elektreti, kile kinachopatikana kwa bei ndogo kwa mafundi wa redio, ukipe umeme kupitia kipingamizi cha kiloomu 10. Kitakula robo ya miliampea au chini ya hapo. Sauti yake ikuzwe na opampu, kisha komparata ilinganishe na kizingiti ulichokiweka. Sauti ikivuka kizingiti, komparata inaigusa pini ya prosesa na kuiamsha.

Hapa nataka ukae kidogo, kwa maana nimeona wanafunzi wangu wakipotea hapa. Ukitafuta opampu inayokula umeme kidogo kuliko zote utakutana na MCP6041, inayotumia mikroampea 0.6 tu, na utaona umepata hazina. Lakini upana wake wa masafa ni kilohezi 14, na upana huo unagawanywa kwa idadi ya mara unazokuza. Ukiitaka ikuze mara 100, kinachobaki ni hezi 140, na sauti ya mtu akizungumza inabebwa hasa kati ya hezi 300 na 3400. Mlinzi wako atakuwa anasikia ngurumo ya lori na hasikii maneno ya bibi. MCP6001 inakula mikroampea 100, lakini kwa kukuza mara 100 inafika kilohezi 10. Lipa hizo mikroampea 100. Komparata ndiyo inayoweza kuwa bahili. MCP6541 inatosha kwa chini ya mikroampea 1.

Sasa jumlisha kwa miliampea: kidonge 0.25, opampu 0.1, na ESP32 katika usingizi mwepesi (usiofuta kumbukumbu ya chipu) 0.8. Ni takriban miliampea 1.2, au mAh 29 kwa siku. Vipo pia vipaza sauti vya piezo vilivyoundwa kuamshwa na sauti, kama VM1010, ambavyo katika hali ya kusubiri vinatumia takriban mikroampea 10, lakini kwa mtu wa Muheza nisingeanza navyo, kwa kuwa ni vidogo mno kuvilehemu kwa mkono.

---

Mjukuu wa Muheza

Mwalimu, ahsante sana, nimejifunza mengi. Nina swali juu ya usingizi. Nimesoma kwamba usingizi mzito wa ESP32 unatumia mikroampea 10 tu. Kwa nini unanishauri usingizi mwepesi unaotumia mara themanini ya hapo?

---

Mwalimu wa Elektroniki

Kwa sababu ya silabi ya kwanza, mwanangu. Chipu ikitoka katika usingizi mzito haiendelei ilipoachia; inaanza upya kama iliyowashwa sasa hivi, inapakia programu kutoka kwenye kumbukumbu ya kudumu, na hilo linachukua takriban robo sekunde au zaidi. Katika robo sekunde hiyo bibi amekwisha kusema "saa", na programu yako inabaki na "ngapi". Katika usingizi mwepesi kumbukumbu yote inabaki ilivyo na chipu inaamka ndani ya chini ya milisekunde moja. Unalipa karibu mAh 19 zaidi kwa siku, na unachonunua ni kusikilizwa kwa bibi mara ya kwanza anaposema.

---

Mkaguzi wa Mitambo

Naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu, kwa heshima yote. Hesabu yake ni sahihi kwa chumba kimya. Nyumba ya kijijini si chumba kimya. Kuna jogoo, kuna redio, kuna watoto, kuna mtwangio wa kinu, na juu ya yote kuna mvua kwenye bati.

Tuseme kila sauti inayovuka kizingiti inakiamsha kifaa kwa sekunde 3, na kikiwa macho bila Wi-Fi kinatumia takriban miliampea 50. Kila kuamka ni mAh 0.042. Kikiamshwa bure mara 1,000 kwa siku, idadi ambayo redio moja inaweza kuifikisha kabla ya adhuhuri, ni mAh 42, yaani zaidi ya gharama yote ya usingizi aliyoikokotoa Mwalimu. Kwa hiyo kinachoamua umri wa betri ni mara ngapi kinaamka bure, na kinakaa macho kwa muda gani kila kinapoamka bure.

La pili ndilo rahisi zaidi. Usikiache kikae sekunde 3 kwa kila kelele. Kikiamka, kichukue sampuli za sehemu tatu za kumi za sekunde tu, kikague kama nguvu ya sauti imelala katika masafa ya mtu anayezungumza na kama inapanda na kushuka kwa mwendo wa silabi. Mvua haina mwendo huo, inatiririka sawasawa. Kama si sauti ya mtu, kirudi kulala papo hapo, bila hata kuugusa mtandao wa neva. Gharama ya kuamka bure inashuka hadi sehemu moja ya kumi. Na kikiamshwa bure mara nyingi mfululizo, kipandishe kizingiti chenyewe kwa dakika chache, halafu kikishushe polepole. Wakati wa mvua kubwa hakuna kifaa kitakachomsikia bibi, na bibi naye hatakisikia. Kwa saa hizo muwekee kitufe kikubwa pembeni anachoweza kukipapasa.

Kuna jambo jingine ambalo halijaguswa. Hata chipu ikiamka ndani ya milisekunde moja, INMP441 haiamki nayo. Baada ya kupewa umeme na mapigo, inatoa ukimya kwa mizunguko 262,144 ya saa yake kabla ya kutoa sauti. Ukirekodi kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, yenye mapigo 64 kwa kila sampuli, huo ni muda wa robo sekunde kamili. Silabi aliyoiokoa Mwalimu kwa usingizi mwepesi inapotea tena mlangoni pa kipaza sauti.

Unaweza kurekodi kwa kile kidonge cha elektreti ambacho tayari kiko macho, ukipitisha sauti kwenye pini ya analogi. Ubora wake ni duni, lakini kwa maneno mawili unatosha. Mimi hata hivyo ningebadilisha mazungumzo yenyewe kabla ya kubadilisha saketi. Kwetu mtu hafiki nyumbani kwa watu akaanza kueleza shida yake. Anabisha hodi, tena si mara moja. Hodi ya kwanza inamtoa mwenye nyumba kwenye shughuli zake, ya pili inamkuta anasikiliza. Mfundishe bibi aite mara mbili. Mwito wa kwanza usiutafsiri kabisa, uache uwe wa kuamsha tu. Wa pili ndio mtandao wa neva uutambue. Kifaa kikiutambua kijibu "naam", na baada ya hapo bibi aulize kwa utulivu wake. Robo sekunde ya kuchelewa itapita katikati ya miito miwili na hakuna atakayeihisi.

---

Binti wa Pangani

Ushauri huu wa mwisho nimeupenda, ila neno lenyewe lisiwe "hodi". Jirani akibisha mlangoni kifaa kitaitika kabla ya bibi, naye hatajua nani yuko ndani na nani yuko nje. Pia msichague "haya" wala "sasa", kwa maana hayo husemwa katika kila sentensi ya pili nyumbani, na kila yakisemwa betri inalipa. Neno lenye silabi tatu au nne ambalo watu hawalitamki ovyo litafaa zaidi, na alichague bibi mwenyewe.

Katika kulifunza, rekodi sauti ya bibi kwa nyakati tofauti, asubuhi akiwa na ukavu wa koo na usiku akiwa amechoka. Kwa sauti za watu wengine wanaosema maneno mengine, mkusanyiko wa sauti zilizorekodiwa wa Common Voice una Kiswahili kingi cha kutosha, nao ni wa bure.

---

Mjukuu wa Muheza

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano kuwapa taarifa, kwa kuwa ni haki yenu kuijua.

Nilianza kwa kupima kama alivyoelekeza Fundi Saketi. Bodi ya zamani, Wi-Fi ikiwa imezimwa na chipu ikiwa katika usingizi mzito, ilikuwa bado inachukua miliampea 14 kutoka kwenye betri. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Miezi miwili nilikuwa nikipunguza kwenye programu kile ambacho waya zilikuwa zikimwaga.

Saketi mpya nimeilehemu kwa mkono: moduli tupu, HT7333, DS3231, kidonge cha elektreti, MCP6001 na MCP6541. Nilipata tatizo moja ambalo huenda likamfaa mwingine. Prosesa ilipoamka, mtikisiko wa volti ulirudi kwenye kidonge na kukifanya kijione kimesikia sauti, hivyo kifaa kikawa kinajiamsha chenyewe bila kukoma. Niliugawa mstari wa umeme wa kidonge kwa kipingamizi cha oomu 470 na kapasita ya mikrofaradi 100, tatizo likaisha. Usingizini sasa kinatumia miliampea 1.4, ambayo ni zaidi kidogo ya hesabu ya Mwalimu, na nadhani tofauti inatoka kwenye moduli ya kuchaji.

Nilimweleza bibi habari ya kuita mara mbili. Hakuona ugumu wowote. Alisema hata mtoto huitwa zaidi ya mara moja. Jina alilolichagua ni "Salimini", na alipoulizwa sababu alisema hakuna mtu wa jina hilo pale mtaani. Sasa huita "Salimini, Salimini", kinaitika "naam", naye anauliza saa. Kuku wanakiamsha, redio ya mjomba inakiamsha zaidi, lakini kinarudi kulala haraka. Programu inahesabu kila kuamka, na kwa wastani wa siku nne ilikuwa mara 1,160 kwa siku.

Leo ni siku ya 16 tangu nilipokichaji. Mjomba amenipimia betri asubuhi hii kwa multimeta niliyomwachia, na inasoma volti 3.9. Bado sijaweka kitufe cha wakati wa mvua; nimekwisha kununua, na nitakifunga nikienda mwisho wa mwezi.